Amejaa Dhahabu

Leo nimegombezwa kwa sababu ya katuni. Mimi, na mvi zangu!

Niko Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, nakunywa chai na Mzee Juma, yule Mtanzania aliyekuwa anatutafsiria kanda kwenye ukumbi wa video mwaka 1992. Alikuwa anasimama kando ya televisheni, anapiga kelele kuliko shujaa mwenyewe.

Nikamkumbusha ile katuni ya Kijapani. Rafiki wa shujaa ameuawa, shujaa mwenyewe yuko chini. Ghafla mwili wake unawaka njano, adui anarushwa ukutani!

"Mzee, ulitufunza maisha," nikamwambia. "Ulisema amejaa dhahabu. Tukaelewa: mtu akipata mali, nguvu inakuja."

Akaweka kikombe chini.

"Nilisema amejaa nini?"

"Dhahabu."

"GHADHABU, wee! Hasira! Rafiki yake amekufa, wewe unaona dhahabu?"

Jamani. Ukumbi mzima tulisikia vibaya. Na Kiswahili chetu hiki cha Kigali, ghadhabu tungeijulia wapi? Halafu yule shujaa alikuwa anang'aa njano, sha!

(Mliokuwepo, semeni ukweli. Nyinyi mlisikia nini?)

Hapo hapo likapita gari la Shabani. Mnamkumbuka, tulikuwa tunakaa naye benchi moja kwenye video, tunagawana muhogo. Siku hizi ana nyumba Kiyovu, kule kwa matajiri.

Nikampungia mkono. Akatutazama vizuri kabisa, akapandisha kioo.

Mzee Juma akalifuata lile gari kwa macho mpaka likakata kona.

"Haya," akasema. "Labda kweli nilisema dhahabu."