Pilipili kwenye Ziwa la Mama

Mdogo wangu akija kula kwangu, hutafuna pilipili kichaa nzima nzima. Harufu yake ikinifikia, mate hunijaa kinywani, yale ya kabla ya kutapika.

Kwetu Murungu, mama alipopata mimba nyingine, bibi alinipa pilipili nizisage juu ya jiwe. "Leo mtoto anaacha ziwa," alisema. Nilisaga kwa furaha, maana mgongo wangu ulikuwa umechoka kumbeba. Bibi akampaka mama kwenye chuchu. Mdogo wangu akanyonya mara moja, akapiga yowe, akamtapikia mama kifuani maziwa yaliyoganda. Makamasi yalimchuruzika hadi mdomoni. Kisha, angali analia, akalirudia lile lile ziwa.

Mama akajiosha kwa maji, moto ukazidi kusambaa.

"Maji hayaiwezi," bibi akaniambia. "Mpake mawese."

Nikampaka. Mafuta mekundu, matapishi na mbegu za pilipili viliteleza pamoja chini ya vidole vyangu, na mama aliuma khanga asilie mbele yangu.

"Dada, hata sijui nilianza lini kuzipenda hizi," mdogo wangu husema, huku akilamba vidole.

Mimi huangalia pembeni.