Pombe ya Mianzi Kwenye Tangi la Gari

Nilikwenda Makambako kufuata vifaranga. Nataka ninyi wa nyumbani mlijue hilo kwanza, maana baba mdogo Lukasi anawatangazia watu kwamba tulikwenda kupima mafuta yake. Ndoto ya banda langu mmeisikia mpaka mmechoka: kuku wa mayai, trei zinazopanda basi hadi Songea. Vifaranga wa siku moja walikuwa wananisubiri kwa wakala, na kifaranga wa siku moja havumilii baridi yetu.

Asubuhi, Kibena, Njombe. Baba mdogo alikuwa amesikia redioni kwamba huko kwa wenzetu magari hutembelea petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa. Miwa hana. Ana mianzi, basi akachukua ulanzi wake, ile pombe ya mianzi, akaupika, akaukinga mvuke mpaka akapata pombe kali. Kuipima akatumia kipimo cha wanywaji wa huku: unamimina kidogo kwenye kijiko, unawasha kiberiti. Ikiwaka, eti haina maji. Iliwaka. Mhandisi wetu akajaza tangi karibu nusu kwa nusu na petroli, na dumu la akiba la pombe hiyo akaliweka kwenye buti.

“Pombe humwinua mzee wa miaka themanini akacheza ngoma,” akaniambia. “Itashindwaje na gari?”

Nikamkumbusha kwamba mzee huyo hurudi nyumbani kabebwa.

Gari lilikataa kuwaka. Likakohoa, likazima, tukalisukuma kwenye umande huku yeye akieleza kwamba injini ilikuwa inazoea. Lilipowaka likanuka kilabu cha Jumapili. Majirani wakatupungia mikono kwa huruma.

Njiani kwenda Makambako barabara inateremka zaidi kuliko inavyopanda, na hata mkokoteni ungefanya vizuri. Baba mdogo akahesabu kila mteremko kuwa ushindi wake. Ila mshale wa mafuta ulikuwa unashuka haraka kuliko siku ambazo tunatumia petroli tupu, na kila kilima kidogo kilitaka gia nyingine. Nilipomwonyesha, akalaumu upepo. Upepo ulipotulia, akaulaumu mshale. Nilicheka mpaka Makambako.

Makambako, mchana. Stendi ni ile ile, malori ya Mbeya na ya Iringa yanapigiana honi. Hatukukaa. Wakala alinipa boksi lenye matundu, nikasikia ndani ule mlio wao mwembamba, na kucheka kukaniisha. Akaniambia niwahi, wasipigwe na baridi. Nikaliweka mapajani, nikalifunika kwa khanga.

Mtwango, jioni ikikaribia. Tulikuwa tumepanda mpaka hapo kwa kukokota, bodaboda zinatupita. Mtu mwenye akili asingezima gari. Baba mdogo alizima, kwa sababu Mama Neema, shemeji yake wa zamani anayeuza mahindi ya kuchoma, alikuwa barabarani na alikuwa bado hajasimuliwa.

“Kamwene, shemeji,” akamsalimu, kisha akahubiri kuhusu lita zake zinazokwenda mbali, mpaka ukungu ukashuka barabarani. Tulipotaka kuondoka gari halikuwaka. Halikukohoa hata mara moja.

“Limelewa,” alisema Mama Neema. “Liacheni lilale.”

Baba mdogo alifungua nati ya chini ya tangi na kukinga kwenye chupa ya maji ya kunywa. Chupa ilipotulia tuliona wenyewe. Juu petroli, na chini yake tabaka jeupe kama maji ya mchele. Pombe ilikuwa na maji yake muda wote, ila kiberiti hakikutuambia. Barabarani tulikuwa tunavitikisa vikachanganyika. Tuliposimama kwenye baridi vikatengana, na injini ikabaki kunyonya maji na pombe ya chini.

“Hilo jeupe ni nguvu yake,” akasema.

Mlio ndani ya boksi ulikuwa umepungua. Niliinua khanga nikawakuta wamesongamana pembeni, mmoja amelala ubavu. Mama Neema alininyang'anya boksi akaliingiza jikoni kwake, lakini moto wa mahindi ulishazimika na mkaa ulikuwa umelowa ukungu, haushiki. Nikaenda kwenye buti mwenyewe, nikachukua lile dumu la akiba. Kabla ya kiberiti nikamimina kidogo juu ya mkaa uliolowa, nikasogea nyuma, nikawasha. Ukashika mara moja. Tukaliweka boksi karibu na jiko, mlango wazi, na taratibu mlio ukarudi, isipokuwa wa yule mmoja.

Baba mdogo alisimama mlangoni akimtazama aliyekufa. Kisha, bila kuombwa, akaenda akamwaga tangi lote kwenye ndoo, akatuma bodaboda alete petroli tupu. Gari likawaka.

Njombe tulifika giza, boksi ndani ya koti lake, yeye akiendesha na shati tu huku meno yanagongana. Nilimhurumia, lakini si sana.

Nilichojifunza: spiriti iliyokaushwa maji vizuri kiwandani na kupimwa huenda ikafaa, ingawa hata hiyo haina nguvu ya petroli, na tangi litawahi kuisha. Ya kwetu haifai gari. Asubuhi yake baba mdogo alileta dumu lililobaki, la kuwashia mkaa wa vifaranga, akaliweka kwenye ngazi ya banda, mbali na moto, akaondoka bila hotuba.

Sasa nasikia anawaambia gari ndilo bovu. Mwacheni aseme. Akimaliza, mleteni bandani asikilize vifaranga, kisha mwulizeni ni wangapi walitoka Makambako na wangapi walifika.