Sauti ya Mwavuli

Katika miaka ile ya utawala wa kijeshi niliandika safu ya televisheni katika gazeti moja la Kampala. Kila wiki nilitazama kilichoonyeshwa, tamthilia au katuni, nikasema kipi kizuri na kipi kibovu. Serikali haikusemwa, lakini tamthilia ilisemwa. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari, na nilijiona hakimu.

Sikuwa na televisheni. Nilitazama kwa jirani yangu kule Mengo, polisi kutoka kaskazini, sebule ikiwa imejaa watu hadi mlangoni. Jioni moja ilionyeshwa katuni ya dakika kumi hivi, iliyochorwa palepale mjini na rafiki yangu mmoja, picha moja moja, kwa miezi mingi. Ilikuwa habari ya mwavuli mkuukuu uliosahauliwa nyuma ya mlango, ukatoka kwenda kuitafuta mvua. Ulizungumza Kiswahili cha pwani, taratibu, na kila ulipotaka kusema jambo zito ulianza kwa kicheko kidogo cha puani.

"Hii mwavuli iko na maneno kuliko afande yetu!" alisema jirani, kisha akageuka kuangalia nani yuko mlangoni.

"Wewe," mkewe akamwambia, "iko siku hiyo mudomo yako itakuuza."

Watu walicheka mpaka mwisho. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeitambua sauti. Ilikuwa ya mwalimu aliyenifundisha Kiswahili, mtu wa Tanga. Watu wa Tanzania walipoanza kuitwa majasusi, alitoweka darasani, nasi tukaamini kwamba amevuka mpaka. Kumbe yupo. Katuni ilikwisha ghafla, bila jina la mtu hata mmoja.

Kesho yake nilimwambia mchoraji kwamba kukosa majina ni kasoro kubwa.

"Andika michoro," alisema. "Andika ile mvua ya mwishoni, imenilia wiki sita. Sauti iache."

"Kwa nini?"

"Iache tu, ndugu yangu."

Nilidhani ni wivu, kwamba hataki kugawana sifa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba nilijua zaidi ya hapo, ila kumdhania wivu kulinipa ruhusa ya kuandika.

Sikutaja jina. Niliandika kwamba mvua ile ni kazi ya fundi, kisha nikaandika kwamba sauti ya mwavuli ni ya mwalimu wetu wa zamani wa Kiswahili, yule tuliyemlilia alipopotea, na kwamba kumbe hakwenda mbali. Niliipenda sana sentensi hiyo ya mwisho.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumatatu mke wa mwalimu alikuja ofisini, mama wa Kiganda niliyekuwa namwona zamani pale shuleni. Walikuwa wamepanga chumba Kasubi, na yeye ndiye aliyekuwa akitoka kununua mahitaji.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mama."

"Alifurahi, mwanangu. Alinisomea mara mbili. Akasema, huyu nilimfundisha mimi. Nikamwambia tuondoke sasa hivi, akasema ngoja kwanza nimalize chai."

Walikuja wanaume watatu na gari lisilo na namba, wakamchukua. Mama alikuwa ameshafika Luzira kuuliza gerezani, akaambiwa mtu huyo hayumo.

"Sasa andika kwamba ulikosea," alisema. "Sema sauti ile si yake, ni ya mtu mwingine. Ninyi mnasahihisha kila wiki, nimeona."

Ni kweli. Tulikuwa na kona yetu ukurasa wa pili: jina lililokosewa, saa ya kipindi isiyo sahihi. Mistari miwili tu, na gazeti lilijivunia sana desturi hiyo.

"Mhariri hatakubali, mama."

"Umemwuliza?"

"Namjua."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. Akalikunja gazeti alilokuja nalo pole pole, kwa mikunjo yake ileile, akalirudisha mkobani.

Mwalimu hakuonekana tena. Mchoraji hakuchora tena, na tulipokutana njiani alivuka upande wa pili. Pengine mistari miwili isingemrudisha mtu. Watu wa gari lile hawakuwa wasomaji wa masahihisho. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na hata pale inapoonekana kuwa kweli hainisaidii kitu, kwa sababu mama yule hakuniomba uhakika. Aliniomba niulize.

Niliendelea na safu yangu. Wiki ileile mwigizaji mmoja wa tamthilia alilalamika kwamba nimelikosea jina lake. Niliandika mistari miwili, nikampelekea mhariri mezani. Aliipitisha bila hata kuinua kichwa.