Kichupa Nilichozika Mgombani

Jana shangazi alitolewa kinyama cha tezi shingoni, hospitalini Same. Muuguzi alinikabidhi kichupa chenye kinyama hicho, na maelezo. Nisimsingizie, alieleza vizuri. Mimi nilikuwa nawaza gari la kuturudisha kijijini Mamba, hayakuniingia. Kwetu hospitali ikikurudishia kitu cha mwili, kama kondo la nyuma, unakizika. Nikakizika mgombani, hata kofia nikavua.

Leo muuguzi akapiga simu. "Kaka, kichupa umekifikisha maabara Moshi? Wanatafuta kipokezi kwenye chembe zake za kinga zilizougua. Kikiwepo, dawa ina pa kushika. Bila kipimo hatumwanzishii."

"Kiko njiani," nikajibu.

Shangazi, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, alikuwa anaota jua, kanga kaizungusha shingoni.

"Mwanangu," akasema taratibu, "tangu jana nasikia ladha ya udongo mdomoni. Umenizika wapi?"