Nguva Aliyetaka Kuwa Mtu

Habari za kifo chake zilinikuta Adams Arcade, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mwenzangu wa gazetini alinipigia simu: yule mama mwigizaji wa filamu za bei nafuu za River Road, yule anayeigiza jini kila mara, amefariki na anazikwa alasiri hiyohiyo. Huenda jina lake hamkulijua, wasomaji wangu, lakini kama mliwahi kununua filamu ya kutisha iliyotengenezwa jijini hapa, uso wake mnaujua. Alikuwa mzaliwa wa Pwani, Mwislamu, mweusi tititi, mwenye Kiswahili kitamu, na hayo yalitosha kumfunga. Aliomba kuigiza mwalimu, muuguzi, hata mke wa mtu tu, akapewa jini. "Mchagua jembe si mkulima," aliniambia, akicheka kicheko kisicho na furaha.

Kisha ikaja filamu ya nguva. Humo alitamani sana awe mama wa msichana anayezama, binadamu hatimaye. Nafasi hiyo alipewa bibi mmoja mweupe, na mwigizaji wetu akafanywa nguva anayekula watu. Nilikwenda kuitazama kazi hiyo Uthiru, kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Walikuwa wamemfunga mkia wa sponji na turubai, zipu mgongoni, hawezi kupiga hatua. Mwelekezi, kijana mchangamfu, akamletea buibui.

"Mama, vaa hii juu ya mkia."

"Mwanangu, nguva huogelea. Buibui la nini majini?"

"Sasa bila buibui, watu watajuaje wewe ni jini ya Coast?"

Akalivaa. Mara mvua ikashuka, sote tukakimbia kuiokoa kamera, naye akabaki juu ya jiwe. Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe akatokea karibu naye. Tulimsikia mwigizaji wetu akimwita kwa upole, "Dada, hujambo? Nifungulie zipu hii, tafadhali." Yule mama akatupa mzigo wake. "Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!" Akatimua mbio. Vijana walicheka hadi wakakaa chini. Tulipomfikia, alikuwa analia. "Hata nikiomba msaada natisha," akasema. Iliniuma, na bado inaniuma.

Simlaumu yule mkata nyasi. Alikuwa amefundishwa, na waliomfundisha ni sisi wenye kalamu na kamera. Mjini watu wa Pwani wanatuuzia vitambaa, tunapanga nao foleni benki, watoto wetu wanasoma pamoja. Ikiwashwa kamera tu, wanaota kwato za jini. Halafu tunajipiga kifua kwamba filamu zetu zina watu wa kila kabila. Zinao, ndiyo, lakini waulizeni wanafanya nini humo.

Matangani nilimkuta yule mwelekezi, macho mekundu. Alimpenda kweli, sina shaka. Akamshika mkono binti wa marehemu. "Pole sana, dada. Tumepoteza jini wetu bora Kenya nzima."

Binti akaitikia. "Ahsante, kaka. Mimi nimempoteza mama."

Enyi mnaoandika filamu, safari nyingine mama wa Pwani akija kwenu, mpeni jiko apike, mume agombane naye, mtoto amlilie. Marehemu hakuwahi kuomba zaidi ya hayo.