Mume Wangu na Usafi wa Ufukweni

Jamani, mume wangu nyumbani hata kijiko hasuuzi. Sasa nielezeni, anaokotaje takataka za watu ufukweni, tena bure?

Kila msimu wa wageni ukikaribia, ile hifadhi ya ufukweni huita watu wa kujitolea kusafisha. Mwaka huu naye akajiunga. Jumamosi alfajiri anaoga, anajipulizia manukato, huyoo!

Manukato ya kuokotea chupa?

Nikamuuliza. Akajibu, "Mke wangu, mazingira ni uhai."



Siku moja nikachungulia simu yake. Kuna ujumbe: "Jikaze, niko pamoja nawe."

Ajikaze na nini? Na nani huyo yuko pamoja naye?

Jumamosi iliyofuata nikamwacha atangulie. Nikawapeleka mapacha wetu kwa bibi yao, nikavaa kofia pana na barakoa, nikaenda kujitolea na mimi.

Kazi ile ni ya wawili wawili. Mmoja anaokota, mwenzake anashika gunia. Nikapangwa na mama mmoja mcheshi.

Mume wangu yuko na binti wa kilemba cha kijani, kamshikia gunia kwa upole huo! Mimi hata mfuko wa sokoni hajawahi kunipokea.

"Wale wachumba?" nikamchokonoa yule mama.

"Watakuwa tu. Yule kaka ana majonzi, anahitaji mtu wa kumtuliza."

"Majonzi gani?"

Kabla hajajibu, msimamizi akapuliza filimbi, tukakusanyika.

"Ndugu zangu, tusimame kimya kidogo. Tumkumbuke mke wa mwenzetu huyu," akamshika mume wangu bega, "aliyezama baharini mwaka jana."

Mke gani tena? Kumbe tulikuwa wawili?

Mama akaninong'oneza, "Maskini, kamwachia mapacha."

Mapacha wangu!

Nikamtazama mume wangu. Kainamisha kichwa, machozi yanamtoka kweli kweli, binti anamfuta kwa kitambaa.

Nikavua barakoa, nikapita katikati ya watu. Aliponiona, akajificha nyuma ya binti.

Binti akauliza, "Dada, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu."

Yule mama mcheshi alitimua mbio, kiatu kikabaki mchangani.

Binti hakubisha. Alivua glavu zake taratibu. "Dada, mwezi ujao alikuwa anioe."

Tuliondoka pamoja, mimi na yule binti, tukilia.

Wadada wenzangu, mume akibadilika ghafla, usikae ndani ukijipa moyo. Fuatilia mwenyewe. Mimi nilichelewa kidogo tu, nikakuta nimeshaliliwa na mchumba ameshapatikana.