Gundi ya Nyuki kwenye Kiwele cha Azimio

Bi Zuhura binti Issa alichaguliwa kumkamua ng'ombe wa kijiji kwa sababu siku ya mkutano hakuhudhuria. Alikuwa shambani akipalilia mihogo. Aliporudi akaambiwa kura zimepigwa, na ameshinda.

Kijiji chetu, njia ya Madimba, kilikuwa cha korosho. Ng'ombe wa maziwa tuliyeletewa mwaka wa sabini na tano alikuwa wa kwanza, na Mwenyekiti Shabani akampa jina la Azimio. Bi Zuhura alianza kwa kumwogopa, kisha wakapendana kama mawifi: kwa kelele.

Asubuhi moja kiwele kikavimba, kikawa cha moto, maziwa yakatoka na mabonge. Bi Zuhura akakimbilia ofisini.

"Mwenyekiti, Azimio anaumwa! Ameharibika huku chini kote!"

Mwenyekiti akafunga dirisha. "Punguza sauti, mama! Wakisikia wilayani watadhani ni lile la Arusha."

Bwana mifugo alikuwa na bomba la sindano, dawa hakuwa nayo. Ndipo Mwalimu Felista, mwenyeji wa Bukoba, akasema bibi yake alikuwa akipaka vidonda gundi ya nyuki, ule utomvu mweusi wanaozibia nyufa za mzinga.

"Na ng'ombe je, mwalimu?"

"Sijui, Bi Zuhura. Lakini kumtazama tu nako si dawa."

Wakaiyeyusha katika mafuta ya nazi. Bi Zuhura, kwa huruma zake, akaongeza kikombe cha asali, wakampaka kiweleni. Sisimizi wakapata habari. Azimio akapiga ndoo teke, akakata kamba, akaingia katikati ya mkutano wa hadhara, Bi Zuhura nyuma yake akipiga yowe: "Shikeni Azimio! Shikeni Azimio!"

Mgeni rasmi alikuwa hajamwona ng'ombe. Akainua ngumi. "Lidumu!"

"Lidumu!" umati ukaitikia, huku ukitawanyika.

Asali ikaachwa. Asubuhi na jioni Bi Zuhura aliyakamua yale maziwa mabovu akayamwaga shimoni, akapaka gundi, akimbembeleza mgonjwa kwa Kimakonde. Uvimbe ukashuka polepole, ingawa chuchu moja ilikauka kabisa. Felista alisema ni gundi. Bwana mifugo akasema ni kule kukamuliwa sana. Hawakukubaliana mpaka mwalimu alipohamishwa.

Siku maziwa yalipotoka meupe, Bi Zuhura aliegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, akalia. Tulipomuuliza, akasema ni moshi. Moto haukuwapo.